Mvinyo mwekundu wa Hispania kwa mgahawa wa pwani: Rioja, Ribera, Priorat, Jumilla au Bierzo?

Jahazi_Mezani

Wakuu, habari za wikendi. Naomba msaada wa kulinganisha. Napanga orodha ya mvinyo mwekundu kwa mgahawa wa pwani: jiko la mkaa, mbuzi choma, mishkaki, pilau, na vyakula vya nazi. Hispania imetengewa nafasi nne tu. Karatasi ya mwagizaji ina Rioja Crianza, Rioja Reserva, Ribera del Duero "roble", Toro, Priorat, Garnacha ya Calatayud, Monastrell ya Jumilla na Mencía ya Bierzo. Bei ya juu kabisa ni mara tano ya bei ya chini.

Nataka kujua tofauti hizi zinatoka wapi hasa: udongo, hali ya hewa, au pipa? Na je, neno Reserva linastahili pesa yake? Chumba cha kuhifadhia kina kiyoyozi, nyuzi 18 mchana. Nawasilisha.

Chokaa

Mkuu, weka bei pembeni kidogo, tuanze na ramani. Rioja zote mbili, Ribera na Toro ni zabibu ileile, Tempranillo. Ribera huandika Tinto Fino au Tinta del País, Toro huandika Tinta de Toro, na kule La Mancha ni Cencibel. Ukichukua hizo nne umejaza orodha kwa zabibu moja.

Tempranillo ina ganda nene, rangi nzito, na huiva mapema. Udhaifu wake ni asidi ndogo. Ikipandwa mahali ambapo usiku nao ni wa joto, mzabibu unaendelea kuchoma asidi ya maliki ndani ya punje hata gizani, na mvinyo unatoka mzito lakini butu. Tena haivumilii ukame mkali wala upepo, na ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe) unaipenda sana. Kwa hiyo Wahispania huitafutia mwinuko, usiku wa baridi, na udongo wenye mfinyanzi na chokaa unaotunza maji ya masika hadi Agosti.

Rioja iko bonde la mto Ebro. Upande wa kaskazini, milima ya Sierra de Cantabria inazuia mawingu ya Atlantiki yasimwage kila kitu shambani. Magharibi, kuzunguka Haro, mvua ni karibu mm 500 kwa mwaka, na mchanganyiko wa mfinyanzi na chokaa unatoa mvinyo wenye uchachu mzuri na tanini (ule ukakasi unaokausha mdomo) laini. Ukishuka mashariki hadi Alfaro mvua ni chini ya mm 400 na joto linapanda. Huko Garnacha ina nguvu zaidi. Upande huo uliitwa Rioja Baja hadi 2018, sasa ni Rioja Oriental. Rioja ya kawaida huchanganya pande hizi na zabibu hizi: Tempranillo inabeba, Garnacha inaongeza unono na kilevi, Graciano inaleta asidi na harufu, Mazuelo inaleta asidi na tanini.

Ribera del Duero ni uwanda wa juu, kuanzia mita 720 hivi na kuendelea hadi zaidi ya 900. Hakuna bahari ya kuupoza wala kuupasha. Kiangazi zebaki hukaribia nyuzi 40, na majira ya baridi huweza kwenda chini ya -15. Siku moja ya Agosti mchana na usiku vinaweza kutofautiana nyuzi 20. Mchana wa jua kali unaleta sukari na rangi, usiku wa baridi unalinda asidi. Kwa hiyo unapata mvinyo mweusi kuliko Rioja, tanini imesimama, na matunda yake ni kama zambarau zilizoiva, wakati Rioja iko upande wa cheri nyekundu. Gharama ya mwinuko huo ni jalidi, ambayo hupiga machipukizi hadi Mei, na inaweza kurudi mapema kabla mavuno hayajaisha.

Toro iko chini kidogo, mita 620 hadi 750, mvua mm 350 hadi 400, na kichanga kingi. Kichanga hicho kina siri: filoksera, mdudu aliyemaliza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hawezi kutembea vizuri ndani yake. Ndiyo maana bado ina mizabibu ya zamani ambayo haikubebeshwa (kuunganishwa) kwenye shina la Kimarekani linalomstahimili mdudu huyo. Mvinyo wake una kilevi asilimia 14.5 hadi 15 na tanini ya nguvu. Kwa joto la pwani, Toro ningeiacha kwa mwagizaji.

PipaMwaloni

Chokaa kamaliza upande wa shamba. Hilo la Reserva nalichukua mimi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hulipa bila kujua wanalipia nini.

Reserva inahesabu muda tu. Haisemi shamba ni zuri kiasi gani. Rioja iko hivi:

Crianza: miaka 2 kabla ya kuuzwa, angalau mmoja ndani ya pipa la lita 225.
Reserva: miaka 3, angalau miezi 12 pipani na 6 chupani.
Gran Reserva: miaka 5, angalau 2 pipani na 2 chupani.

Ribera inafuata karibu muda huohuo wa pipa. Maeneo mengine yanaweza kufuata sheria ya taifa ya 2003, ambayo ni nyepesi zaidi: Crianza miezi 6 tu pipani, Gran Reserva 18. Kwa hiyo "Crianza" mbili kutoka mikoa miwili si lazima ziwe na umri mmoja wa pipa. Geuza chupa usome lebo ya nyuma. Rioja ina kibandiko chenye namba: chekundu ni Crianza, cha damu ya mzee ni Reserva, cha buluu ni Gran Reserva, cha kijani ni wa kawaida.

Hiki cha kijani siku hizi kina mtego. Wazalishaji wengi hodari wamejitoa kwenye madaraja ya umri na wanauza mvinyo wao wa shamba moja kwa kibandiko cha kijani, kwa bei kubwa. Kijani kinaweza kuwa mvinyo mchanga wa bei rahisi, na kinaweza kuwa chupa ghali kuliko Gran Reserva ya jirani. Kwa shamba moja kuna pia daraja la Viñedo Singular: mizabibu iwe na miaka 35 au zaidi, na mavuno yasizidi kilo 5,000 kwa hekta, wakati mwekundu wa kawaida wa Rioja unaruhusiwa kilo 6,500.

Halafu uliza pipa ni la mti gani. Mwaloni wa Marekani, ambao ndio desturi ya Rioja, unatoa harufu ya nazi na vanila. Mwaloni wa Ufaransa unatoa viungo na tanini yake mwenyewe, bila nazi nyingi. Pipa jipya linatoa harufu kubwa. Pipa la miaka minane linapitisha hewa tu. Reserva ya kizamani, iliyohamishwa pipa hadi pipa kila miezi sita kuacha mashapo nyuma, inakuwa nyembamba, rangi inaelekea tofali, harufu ya ngozi na majani makavu ya tumbaku. Mteja aliyezoea mvinyo mtamu mweusi ataurudisha mezani akisema umeharibika. Kwa jiko lako chukua Crianza moja, Reserva ruka.

Jahazi_Mezani

Asante sana wakuu. Hiyo "roble" ya Ribera ni daraja gani basi? Na Priorat ina nini hadi iwe bei ile?

PipaMwaloni

Roble ni mvinyo mchanga uliopita pipani miezi michache, chini ya ile 12 ya Crianza. Kwa Ribera ndiyo chupa ya kuuza kwa glasi: tunda lipo mbele, tanini haijagusa sana mbao, bei inabebeka. Angalia mwaka tu. Roble ya miaka sita kwenye ghala la mtu si "iliyokomaa", imechoka.

Mawe_na_Mizizi

Priorat naijibu mimi. Ni bonde dogo lenye milima mkoani Tarragona, Katalunya, hekta kama 2,000 hivi za mizabibu; Rioja ina zaidi ya 60,000. Hispania nzima ina maeneo mawili tu ya daraja la juu kabisa la asili, Rioja (1991) na Priorat. Wenyewe huandika DOQ kwa Kikatalani.

Ardhi yake inaitwa llicorella: mawe meusi ya tabaka yanayovunjika kama vigae, yanang'aa kwa chembe za mika, na udongo wa juu ni kiduchu sana. Maji ya mvua hayakai juu, yanapenya kwenye nyufa, na mizizi inayafuata mita kadhaa chini. Mzabibu wa zamani pale unaweza kuzaa chini ya kilo moja. Sasa piga hesabu: chupa ya ml 750 inahitaji zaidi kidogo ya kilo moja ya zabibu, yaani mzabibu mzima haujazi chupa. Miteremko mingi haipitiki kwa trekta, kazi ni ya mikono na nyumbu. Bei inatoka hapo, na sehemu nyingine inatoka kwenye sifa: kikundi cha akina René Barbier na Álvaro Palacios kilianza na mavuno ya 1989 kijijini Gratallops, na ndani ya miaka michache chupa za bonde lililokuwa likihamwa zikawa za mnada.

Zabibu ni Garnacha na Cariñena. Garnacha ina tabia zake: huchelewa kuiva, inavumilia ukame na upepo, lakini ikinyeshewa au kupigwa na baridi wakati wa maua inapukutisha maua na shada linabaki na mapengo. Ganda lake ni jembamba, rangi haidumu, sukari inapanda haraka, na mvinyo wake unaharibiwa na hewa kuliko mingine yote iliyo kwenye karatasi yako. Cariñena ndiyo inayompa Garnacha uti wa mgongo, kwa asidi na rangi.

Ukitaka ladha ya jirani bila bei ya Priorat, uliza Montsant. Inaizunguka Priorat kama pete, ilipata jina lake 2001, zabibu ni zilezile, ila udongo ni mchanganyiko zaidi: chokaa, mfinyanzi, na kipande kidogo cha llicorella.

Calatayud uliyoandikiwa usiidharau. Iko Aragón, mashamba mengi yako kati ya mita 550 na 1,000, mizabibu ya zamani iliyopogolewa kwa mtindo wa kikombe: shina fupi, matawi yamejikunja juu, hakuna waya. Kikombe kile kinajipa kivuli chenyewe na kinasimama peke yake dhidi ya cierzo, upepo mkavu unaoshuka bonde la Ebro. Nafasi kati ya mzabibu na mzabibu ni kubwa, mita mbili na nusu au zaidi, kwa sababu kila mmoja unahitaji eneo lake la maji. Kwa thamani ya pesa, mimi naiweka namba moja kwenye karatasi yako.

Kivuli_cha_Mkwaju

Mkuu Mawe, namba moja umempa Calatayud haraka mno. Jamaa ana jiko la mkaa, na Jumilla hujaigusa.

Jumilla iko mpakani mwa Murcia na Albacete. Mvua ni mm 300 hivi kwa mwaka, udongo una chokaa chini inayoshika unyevu, mashamba kuanzia mita 320 hadi zaidi ya 900. Zabibu ni Monastrell, ileile Mourvèdre ya Wafaransa. Huchipua kwa kuchelewa, kwa hiyo jalidi ya Aprili huikuta bado imelala. Huiva kwa kuchelewa, kwa hiyo inahitaji joto refu ambalo Ribera haina. Ganda nene, punje ndogo, tanini nyingi, harufu ya matunda meusi na mimea mikavu ya porini. Filoksera ilichelewa kufika huko hadi 1989, na bado kuna mashamba ya mizabibu isiyobebeshwa. Lebo itaandika "pie franco".

Kinachokwenda kombo: mkulima akingoja wiki moja zaidi, sukari inaruka na unapata asilimia 15.5 yenye ladha ya jamu. Akivuna mapema, tanini ni mbichi na inakwaruza. Tatizo la pili ni la kiwandani. Wakati Garnacha inaogopa hewa, Monastrell inaikosa. Ikifungiwa sana inatoa harufu ya kiberiti au mpira ulioungua. Si ugonjwa. Mimina kwenye jagi pana, zungusha, subiri dakika 20, harufu inaondoka. Ikibaki baada ya saa nzima, rudisha chupa kwa mwagizaji.

Kwa mbuzi choma wa chumvi na ndimu, Monastrell ya mita 700 iliyokaa miezi minne pipani inaipiga Garnacha.

Mawe_na_Mizizi

Kwa mbuzi nakubali. Kwa pilau na mishkaki ya pilipili sikubali. Pilipili, tanini na kilevi vikikutana mdomo unawaka, na Monastrell ina vyote viwili vya mwisho. Garnacha ina tanini ndogo.

Kivuli_cha_Mkwaju

Na kilevi cha Garnacha ni ngapi? Calatayud kwa asilimia 14.5 ni jambo la kawaida. Pilipili haitajali kwamba ganda ni jembamba.

Chokaa

Hapa nyote mmemsahau Mencía, na ndiye jibu la pilipili.

Bierzo iko kaskazini-magharibi mwa León, ukingoni kabisa mwa mkoa, karibu na Galicia. Hewa ya Atlantiki inafika lakini imepunguzwa nguvu na milima. Miteremko ina sleti (mawe ya tabaka), bondeni kuna mfinyanzi, na mwinuko ni kati ya mita 450 na 800. Tofauti ya mteremko na bonde ni kubwa kuliko tofauti ya wazalishaji: Mencía ya bondeni yenye mavuno makubwa ni maji ya rangi, na ile ya mteremko wa sleti ina harufu ya maua, cheri, na pilipili manga kidogo. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni zabibu moja na Jaen ya Dão, Ureno. Asidi yake hushuka ghafla mwishoni, siku za kuvuna ni chache, kwa hiyo kila mwaka kuna wanaochelewa. Tafuta asilimia 13 hadi 13.5 kwenye lebo, ukiona 14.5 ujue mvinyo huo ulivunwa kwa kuchelewa.

Huu unaupoza hadi nyuzi 14 na unakwenda na mishkaki, pilau, hata samaki wa kupaka mwenye nyama nzito kama nguru. Tanini nyingi ikikutana na mafuta ya samaki inaleta ladha ya chuma. Mencía haina tanini ya kutosha kufanya hivyo.

Zabibu_Makutupora

Wakuu, niko Dodoma upande wa mashamba. Hizi Tempranillo na Monastrell zinaweza kufanya kazi kwetu? Mwinuko tunao, zaidi ya mita 1,100, na ukame upo.

Chokaa

Mwinuko si huohuo, kaka. Mita 850 za Duero ziko nyuzi 41 kaskazini, na mizabibu hulala usingizi kamili wa baridi kuanzia Novemba, halafu macho yote yanachipua pamoja. Dodoma hakuna usingizi huo. Mnaulazimisha kwa kupogolea na kunyima maji, na ndiyo maana mnavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu inayotegemea baridi itachipua kwa kupishana, shada moja limeiva na jingine kijani kwenye mzabibu uleule. Mvua zikikuta Tempranillo yenye mashada yaliyobanana, ubwiri na kuoza vinakungoja. Kwa majaribio ningeanza na Monastrell au Garnacha, mistari michache, kwenye msimu wa mavuno ya kiangazi tu. Fungua uzi wake, huu usije ukahama.

PipaMwaloni

Turudi pwani. Jahazi, umesema kiyoyozi ni nyuzi 18 "mchana". Usiku kinazimwa? Kama kinazimwa, chumba kinapanda hadi 27 au 28 na kushuka tena kila siku, na hilo ni baya kuliko kukaa 20 bila kubadilika. Mvinyo unatanuka na kusinyaa, kizibo kinasukumwa, hewa inaingia. Dalili: kizibo kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa, au kuna mstari wa mvinyo uliokauka chini ya karatasi ya shingo. Chupa ya kizibo cha gome ilale ubavu. Ya kizibo cha kuzungusha isimame tu.

Joto la kuhudumia ndilo linaloharibu mivinyo ya Hispania mezani kwenu. "Joto la chumba" la vitabu vya Ulaya ni nyuzi 16 hadi 18, si 30. Mvinyo wa asilimia 14.5 ukimiminwa kwa nyuzi 28 unanuka spiriti na tunda linapotea. Ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, dakika 10 hadi 15 kutoka 30 mpaka 17. Barafu bila maji inachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu haigusi chupa yote. Ribera na Monastrell 16 hadi 17, Rioja Crianza 16, Garnacha 15, Mencía 14. Ukipoza Ribera hadi 12 tanini inakuwa kama chai iliyosahaulika jikoni.

Kwa glasi: chupa inatoa glasi tano za ml 150. Garnacha iliyofunguliwa uza usiku huohuo, kesho yake imeanza kufifia hata ukiifunga vizuri. Monastrell na Ribera changa zinakwenda hadi siku ya pili au ya tatu zikiwa zimefungwa na kukaa kwenye friji.

Jahazi_Mezani

Nimewapata. Kiyoyozi kinazimwa saa sita usiku, hilo nitalirekebisha. Kwa sasa naelekea Rioja Crianza, Ribera roble, Monastrell ya Jumilla na Mencía. Garnacha inabaki nje, samahani Mawe. La mwisho: mwagizaji ananipunguzia bei kubwa ya Ribera Crianza ya 2017. Nichukue badala ya roble?

Mawe_na_Mizizi

Samahani haijapokelewa, ila mbuzi nitakuja kula.

Chokaa

2017 Ribera ilipigwa na jalidi kali tarehe 28 Aprili, machipukizi yalikuwa yameshatoka. Mavuno yalishuka sana. Mzabibu uliopoteza chipukizi la kwanza hutoa la pili kutoka jicho la akiba, lenye mashada machache yanayochelewa kuiva. Mzalishaji makini alivuna mara mbili akitenganisha, asiye makini alichanganya, na unakuta ukijani ndani ya mvinyo uleule wenye joto. Jalidi ile haikuufanya mwaka wote kuwa mbovu, lakini mvinyo ulikuwa haba, na kitu haba hakipunguzwi bei bila sababu.

Basi omba chupa tatu kutoka makatoni tofauti kabla ya kulipa. Zishike wima kwenye mwanga: kiwango cha mvinyo kiwe ndani ya shingo, kikishuka hadi begani acha. Fungua moja. Kizibo kiwe kimelowa chini tu. Kikiwa na michirizi ya zambarau hadi juu, katoni ilikaa juani. Mimina kidogo kwenye glasi juu ya karatasi nyeupe: Crianza ya mwaka ule ikionyesha kahawia ukingoni badala ya wekundu wa tofali, na harufu ya zabibu kavu zilizopikwa, imeshaiva kontenani. Zikipita zote tatu, chukua katoni mbili, uziuze kwa chupa nzima, na roble ibaki pale pale kwenye glasi.